Barua ya wazi: Kesi iliyokwisha na deni la simu visimfungie mtu mlango wa kazi

Kwa:
Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai (DCI),
Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,
Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma,
Mkurugenzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ulinzi wa Binafsi.

Nakala: Kamishna wa Ulinzi wa Data, Kamati ya Leba ya Bunge la Kitaifa.

KUH: REKODI YA JINAI NA MADENI KATIKA UKAGUZI WA WATAFUTA KAZI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, na kwa pamoja, kwa sababu jambo hili limegawanywa kati ya ofisi nyingi hadi likakosa mwenyewe. Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa mitaani na wahudumu wa saiba (vibanda vya intaneti) ambao kazi yetu ni kuwaandalia watafuta kazi vyeti vya ukaguzi: cheti cha mwenendo mwema cha DCI, cha CRB (mashirika yanayohifadhi rekodi za mikopo), cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), cha ushuru kutoka KRA (mamlaka ya mapato), pamoja na fomu ya kujitangaza ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi). Malalamiko yamepitishwa njia za kawaida, dirishani, kwa simu na kwa barua, na mwombaji huishia kuelekezwa ofisi ya jirani. Polisi humwambia afuate mahakama. Mahakama imeshatoa uamuzi, haina la kuongeza. Mkopeshaji husema taarifa iko CRB, na CRB husema haiwezi kugusa taarifa iliyoletwa na mkopeshaji. Baada ya mzunguko huo, hakuna njia iliyobaki isipokuwa kuwaandikia hadharani.

Shida yetu kubwa ni moja. Ukaguzi wa leo unachanganya hatia, tuhuma na ukata, unaviweka chini ya muhuri mmoja wa "safi" au "si safi", kisha haumpi mtu nafasi ya kusema neno. Aliyeiba ghalani, aliyeshtakiwa akaachiliwa huru, na aliyeshindwa kulipa mkopo wa simu baada ya kupoteza kazi wote hurudishwa nyumbani kwa sentensi ileile: hukupita ukaguzi.

Hatupingi ukaguzi wenyewe. Mlinzi anayekabidhiwa funguo za benki usiku, mpakiaji mizigo anayeifikia ndege pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, karani anayeshika mishahara ya kaunti: hawa wachunguzwe, tena vizuri. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga kinataka historia ya anayeingia maeneo ya ndani ya uwanja wa ndege iangaliwe, ikiwemo rekodi ya jinai pale sheria za nchi zinaporuhusu. Tunachodai ni ukaguzi unaojua unatafuta nini.

Yanayotusumbua ni haya.

1. Alama za vidole zinabaki, lakini matokeo ya kesi hayazifuati

Utaratibu wa cheti cha mwenendo mwema unajulikana. Mwombaji huingia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, hujaza maombi, hulipa KSh 1,050 (elfu moja ya cheti na hamsini ya mtandao), huchapisha fomu C24 pande mbili za karatasi moja pamoja na nakala za risiti, hubeba kitambulisho asili na nakala yake, kisha huenda Huduma Centre (kituo cha huduma za Serikali) au ofisi ya DCI kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Fomu hupelekwa makao makuu, Barabara ya Kiambu, na alama zinalinganishwa na zilizohifadhiwa. Zisipofanana na za yeyote, cheti hutoka. Zikifanana, hapo safari ndiyo inaanza.

Mtu anapokamatwa na kushtakiwa, alama zake huchukuliwa na kupelekwa kwenye hifadhi kuu. Matokeo ya kesi yanapaswa kufuata baadaye kutoka kwa ofisa anayeshughulikia faili. Hapo ndipo mnyororo unapokatika. Ofisa amehamishwa Lodwar. Kesi imeondolewa asubuhi moja mlalamishi alipokosa kufika. Mshtakiwa amekwenda zake nyumbani akiamini yamekwisha, kwa kuwa hakimu mwenyewe alimwambia "uko huru". Kwenye hifadhi, ingizo lake bado liko wazi, na miaka minane baadaye, akiomba kazi ya ulinzi, mfumo unamwona mtu mwenye kesi.

Anachoambiwa ni alete uthibitisho. Maana yake arudi kwenye mahakama aliyoshtakiwa, hata kama ilikuwa Garissa na sasa anaishi Likoni. Atoe nambari ya kesi, mwaka na shtaka. Aombe faili litafutwe. Alipie nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi. Kisha aipeleke Nairobi. Wengi hawana nambari ya kesi. Tunawashauri kila mara waanze na risiti ya dhamana au ya faini, kwa sababu nambari huandikwa pale, na kama risiti imepotea waombe kuangaliwa daftari la mashtaka la mahakama kwa jina na tarehe ya karibu. Kuna wanaofanikiwa. Wengine huambiwa faili halipo tena, na hilo si lazima liwe uzembe: Sheria ya Uondoaji wa Kumbukumbu, Sura ya 14, inaruhusu mafaili ya zamani ya mahakama kuteketezwa baada ya muda uliowekwa. Tunaomba mlitafakari hili kwa makini. Karatasi inayothibitisha kwamba mtu hana hatia ina mwisho wake kisheria, na alama za vidole zinazomtia shaka hazina.

Pia kuna tofauti kati ya namna kesi zinavyokwisha, ambayo mwajiri haioni kabisa. Anayeachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ameondolewa hatia. Ambaye kesi yake imeondolewa chini ya 87(a) kabla hajajitetea ameachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa upya. Aliyepewa msamaha wa masharti chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu alionekana ana kosa, lakini hakimu akaona haifai kumwadhibu. Hali hizi hazifanani, na haifai zote zionekane kwa mwajiri kama "ana rekodi".

Kabla hatujaondoka hapa, kuna jambo dogo linalowachelewesha watu wengi. Mafundi wa mawe, wafuaji nguo na wanaochanganya saruji wana vidole vilivyolika. Alama zao hutoka hafifu, fomu hukataliwa, nao huanza upya. Kupaka mafuta ya mgando usiku kwa wiki moja kabla ya siku ya alama husaidia, kisha kunawa na kukausha mikono vizuri kabla ya wino. Lakini mtu huyu hapaswi kuachwa akisubiri wiki kadhaa ndipo agundue. Ofisa anayemchukua alama anaona palepale kwamba hazisomeki. Mwagizeni arudie palepale.

2. Kosa dogo halina tarehe ya kwisha

Kenya haina sheria ya jumla inayosema kwamba kosa fulani, baada ya miaka kadhaa ya mwenendo safi, lisimfuate mtu tena. Uingereza, ambayo utawala wake wa kikoloni ulituletea Kanuni ya Adhabu, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1974: adhabu ikishatumikiwa na muda uliowekwa ukapita, kosa huhesabiwa limekwisha kwa kazi nyingi, na kazi nyeti kama za watoto na za usalama zikabaki na ukaguzi mpana zaidi. Sisi tulichukua makosa, hatukuchukua mwisho wake.

Angalieni makosa yenyewe. Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, cha uzururaji, kimewafikisha mahakamani vijana ambao shida yao ilikuwa kutokuwa na pa kwenda. Sheria ndogo za kaunti zimewafikisha wachuuzi. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021, iliwafikisha makondakta na wauza mboga waliochelewa njiani. Katika kesi za namna hii mshtakiwa hana wakili. Ndugu zake humshauri akubali kosa ili alipe faini na arudi nyumbani jioni ileile, na hufanya hivyo. Hakuna anayemweleza kwamba kukubali kule ni kutiwa hatiani, na kwamba kutaulizwa siku atakapoomba kazi ya bandarini.

Linganisheni hilo na Katiba inavyowatendea wanaotaka ubunge. Ibara ya 99 inamzuia mgombea ambaye yuko chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi, tena hazuiwi hadi njia zote za rufaa ziishe. Kwa kiti cha kutunga sheria za nchi tumeweka kipimo chenye kiwango na chenye muda. Kwa mlinzi wa lango la supamaketi hatuna kiwango wala muda. Sura ya Sita ya Katiba iliandikwa kwa ajili ya uongozi na uadilifu wa maofisa wa dola, na tunaona kila wiki masharti yake yakitumika kumkagua mfagiaji.

3. Deni linahesabiwa kama tabia mbaya, bila kuuliza lilitoka wapi

Hapa ndipo tunapokutana na watu wengi zaidi, kwa hiyo mtuvumilie tukieleza kwa urefu.

Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa umeharibika, na mkopeshaji anaweza kupeleka taarifa hasi kwenye mashirika ya marejeleo ya mikopo. Yako matatu yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kabla ya kupeleka, mkopeshaji anapaswa kumpa mkopaji notisi ya siku 30. Kwa mikopo ya simu notisi hiyo huja kama ujumbe mfupi, mara nyingi kwenye laini ambayo mtu ameshaipoteza.

Kanuni za CRB za mwaka 2020 zilileta nafuu ya kweli, na tunaishukuru Benki Kuu kwa hilo. Zilikataza kuorodhesha deni lililo chini ya KSh 1,000, na zikasema cheti cha CRB cha mara ya kwanza kitolewe bure. Lakini nafuu hiyo ina tundu. Deni la KSh 700 likiachwa hukua kwa riba na adhabu hadi likavuka elfu moja, ndipo likaorodheshwa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaziwekea benki ukomo, kwamba riba inayoongezeka baada ya mkopo kuharibika isizidi salio lililokuwepo. Hata kwa ukomo huo, 700 hufika 1,400. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya maskini inavuka mpaka kwa kungoja tu. Tunaomba kipimo kiwe kiasi alichokopa mtu, bila riba na adhabu juu yake.

Kisha kuna wale ambao deni si lao kwa maana ya kawaida. Mwanachama wa sacco aliyemdhamini mwenzake, mwenzake akatoroka. Mtu aliyepoteza kitambulisho na laini, mwingine akakopa kwa jina lake. Mhitimu wa chuo ambaye mkopo wake wa HELB ulianza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, hana kazi, na adhabu ya KSh 5,000 kwa mwezi inamwongezea KSh 60,000 kila mwaka. Mhitimu huyu ananyimwa kazi kwa sababu hajalipa, na hajalipa kwa sababu hana kazi. Hatujawahi kusikia maelezo ya namna ambavyo mzunguko huo unamlinda yeyote.

Kulipa nako hakumalizi mambo. Mtu akilipa, mkopeshaji anapaswa kurekebisha taarifa, lakini historia ya kuchelewa hubaki kwenye ripoti kwa miaka mitano baada ya kulipa. Kwa mkopeshaji mwingine, historia hiyo ina maana. Kwa ofisa wa ajira ambaye hajui kusoma ripoti, neno lolote hasi ni mwiba. Hivyo tunawashauri watu wadai barua ya kumaliza deni siku wanayolipa, waitume kwa mashirika yote matatu, wachukue ripoti ya bure wanayostahili kila mwaka, na wakague kila akaunti: jina la mkopeshaji, kiasi, siku za kuchelewa, na kama imeandikwa imefungwa. Cheti na ripoti ni vitu viwili. Cheti husema tu kama umeorodheshwa au la. Ripoti ndiyo inayoonyesha sababu. Waajiri huomba cheti, na sababu haionekani kamwe.

Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003, kabla ya kufutwa mwaka 2025, ilimtaka ofisa asipuuze majukumu yake ya kifedha. Kupuuza ni kuwa nacho ukaacha. Anayelipa KSh 500 kwa wiki kwa makubaliano ya maandishi na mkopeshaji hapuuzi, na ukaguzi unaomwangusha mtu huyo unakwenda kinyume na kanuni unayodai kuitekeleza.

4. Sheria ya 2022 inapuuzwa mchana kweupe

Bunge liliwahi kulisikia lalamiko hili. Sheria ya Ajira (Marekebisho) ya 2022 inamkataza mwajiri, hata Serikali, kumdai mtu vyeti vya ukaguzi isipokuwa anakusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Maana yake ni rahisi: kwanza usaili, kisha nia ya kuajiri, ndipo vyeti. Asiyetimiza anaweza kuondolewa ofa.

Fungueni matangazo ya kazi ya wiki hii. Bado mengi yanataka vyeti vyote viambatishwe na barua ya maombi, na asiyeambatisha hatafikiriwa. Gharama ni hizi: cheti cha polisi KSh 1,050, cha HELB KSh 1,000, cha CRB baada ya kile cha kwanza KSh 2,200. Jumla KSh 4,250, kabla ya nauli, uchapishaji na muhuri wa kamishna wa viapo kwenye fomu ya EACC. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini kuwa KSh 16,113.75 kwa mwezi. Zaidi ya robo ya mshahara huo inatumika kabla mtu hajaitwa hata kwenye usaili, na waajiri wengi hawapokei cheti cha polisi kilichopita mwaka, kwa hiyo hulipwa tena.

5. Anayeangushwa haambiwi kwa nini

Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa utawala unapoathiri haki zake. Ibara ya 35(2) inampa haki ya kurekebishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imerudia haki hiyo. Ibara ya 50 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Katika ukaguzi wa ajira haki hizi zote huishia kwenye kimya. Simu haipigwi, basi. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo hajui lipo, na tumeona waombaji wakikataliwa kazi ya tatu na ya nne kwa ingizo lilelile ambalo karatasi moja ya mahakama ingelifuta.

Tunajua mtakayojibu.

Mtasema usalama kwanza. Basi na tuitazame nchi inayolinda siri nyingi kuliko sisi. Marekani, inapoamua nani aone siri zake za kitaifa, tangu 8 Juni 2017 inatumia mwongozo wenye vigezo 13. Kigezo F ni fedha, kigezo J ni mwenendo wa jinai. Wakenya waliopata uraia kule na kuingia kazi za ulinzi wanaijua fomu SF-86 inayouliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 na historia ya kukamatwa. Mfumo huo si mpole hata kidogo: unaangalia tuhuma ambazo hazikufika hukumuni, na unamtaka mtu ataje hata rekodi nyingi zilizofutwa. Lakini unaeleza kwa nini deni linautia wasiwasi, kwamba mwenye madeni anaweza kushawishika kutafuta pesa kwa njia haramu, na kwa sababu hiyo unauliza chanzo chake. Deni la kufutwa kazi, ugonjwa, kifo au talaka hupimwa tofauti na deni la anasa. Aliye kwenye mpango wa kulipa na anaufuata huhesabiwa vizuri. Mwenye sababu ya kulipinga deni hupewa nafasi ya kuleta nyaraka. Kwa jinai huangaliwa muda uliopita, uzito wa kosa, na mtu amefanya nini tangu hapo. Anayeelekea kunyimwa hupewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kujibu. Kudanganya kwenye fomu nako kunaweza kumwangusha mtu. Ikiwa mtu mwenye deni linalolipwa anaweza kuaminiwa na siri za jeshi la Marekani, hatuoni kwa nini mwenye deni kama hilo asiaminiwe na lango la hospitali ya kaunti.

Mtasema mwajiri ana uhuru wa kuchagua. Anao, lakini anachagua kwa taarifa mnayompa ninyi, na mkimpa neno moja ataamua kwa neno moja.

Mtasema mwenye rekodi aombe msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133. Njia hiyo ni ya aliyetiwa hatiani. Aliyeachiliwa huru hana cha kusamehewa.

Mtasema kila kitu sasa kiko mtandaoni. Maombi yako mtandaoni, ndiyo. Marekebisho bado yanataka nauli ya kwenda Nairobi.

Tunayoomba

Kwa Mkurugenzi wa DCI: cheti kitenganishe kutiwa hatiani, kesi inayoendelea, na kesi iliyokwisha bila hatia, na hii ya mwisho isionekane kabisa kwenye cheti cha ajira. Pokeeni nakala za mahakama zilizoidhinishwa kupitia ofisi za kaunti na Huduma Centre, mtoe risiti yenye nambari, na mrekebishe ndani ya siku 14. Kwa kushirikiana na Idara ya Mahakama, matokeo ya kesi yatumwe moja kwa moja kutoka mfumo wa mahakama hadi hifadhi ya alama, bila kumtegemea ofisa mmoja. Pale ambapo faili limeteketezwa kihalali na hakuna kumbukumbu ya hukumu, mzigo uwe kwa mwenye hifadhi kuthibitisha hatia. Akishindwa, ingizo lifutwe.

Kwa Gavana wa Benki Kuu: kiwango cha KSh 1,000 kihesabiwe kwa mkopo wa msingi. Cheti cha ajira kitoe hali tatu: hana deni lililoharibika, ana deni na analipa kwa makubaliano, ana deni na halipi. Mdhamini aonyeshwe kuwa mdhamini. Anayepinga mkopo uliochukuliwa kwa kitambulisho kilichoibwa awekewe alama ya mgogoro tangu siku anapowasilisha taarifa ya polisi, na alama hiyo ionekane kwenye cheti.

Kwa Waziri wa Leba: toeni mwongozo wa utekelezaji wa Sheria ya 2022, mtaje adhabu, na mfungue mahali pa kuripoti tangazo la kazi linaloikiuka. Anzeni na matangazo ya Serikali yenyewe. Pelekeni pia Bungeni mswada wa makosa kufikia kikomo, wenye orodha ya makosa yasiyoisha kwa kazi maalumu: ya ngono na ukatili dhidi ya watoto, ya wizi kwa kazi za fedha, ya silaha kwa kazi za ulinzi. Makosa ya mtoto yasiingie kabisa, kwa kuwa Sheria ya Watoto inakataza hata kutumia neno la kumtia mtoto hatiani.

Kwa Tume ya Utumishi wa Umma na Mamlaka ya Ulinzi wa Binafsi: chapisheni, kwa kila kundi la kazi, ni kosa gani linalomzuia mtu na kwa miaka mingapi, na ni kazi zipi hasa zinahitaji kuangaliwa madeni. Mfagiaji, mpishi na mtunza bustani waondolewe sharti la CRB. Anayeelekea kukataliwa apewe notisi ya maandishi yenye ingizo linalomkwamisha, na siku 21 za kuleta nyaraka kabla nafasi haijapewa mwingine.

Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, tunaomba ukaguzi wa hifadhi ya alama za vidole na wa mashirika matatu ya CRB kuhusu usahihi wa taarifa, na matokeo yatangazwe.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi ndani ya siku 30 tangu leo, likieleza ni lipi kati ya haya mnalikubali, ni lipi mnalikataa na kwa nini. Muda huo ukipita, tutawasaidia waombaji wenye nyaraka kamili kuwasilisha malalamiko, mmoja mmoja, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyamaliza, na kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nakala za uamuzi wa mahakama, barua za kumaliza madeni na risiti tumeshaanza kuzipanga.

Wenu kwa heshima,

Wasaidizi wa kisheria na wahudumu wa saiba wanaoandaa vyeti vya watafuta kazi, Nairobi na Mombasa